Wavinya na Mwangwi wa Sebule

Wavinya alipoanza kuhariri podikasti ya Kiarie, aliamini sauti nzuri ni sauti kubwa. Alikuwa ameachishwa kazi ya ukarani, na Kiarie, waliyeimba naye kwaya zamani, alimpa mahojiano yake na mafundi wa mitaani ayasafishe. Alikaa na laptopu sebuleni kwake, mtaa wa Tena, akikata vikohozi na kupandisha sauti mpaka mafundi wakasikika kama wanahubiri sokoni.

Aliyemfunza ni Mzee Naftaly wa Huruma, aliyewahi kuwa fundi mitambo wa redio. Walizungumza kwa simu tu.

"Punguza," alimwambia. "Sauti ikiwa nzuri huisikii. Unamsikia mtu."

Wavinya aliitikia, ila hakuelewa.

Mwezi wa Agosti mdogo wake Nthoki, aliyeishi naye tangu mama yao afariki, aliolewa akahamia Machakos. Viti vilikuwa vya Nthoki, na zulia, na yale mapazia mazito. Vyote vikapakiwa kwenye lori. Wavinya alisaidia kubeba, akataniana na vijana wa lori, kisha akafagia. Alibaki na kitanda, meza na kiti cha plastiki.

Wiki hiyo hiyo Kiarie akamwomba asome yeye utangulizi wa kipindi. Akaurekodi pale mezani, akautuma. Jibu likarudi: "Wavinya, ulikuwa bafuni?"

Akabadilisha waya. Akapangusa maikrofoni. Akajaribu dirishani, akajaribu kwenye kona. Kila mara sauti yake ilirudi na mkia, kana kwamba kuna mwingine nyuma yake anayerudia maneno kwa kuchelewa. Mwishowe akampigia Mzee Naftaly.

"Hii maikrofoni imeharibika, Mzee."

"Hebu piga makofi, mara moja tu."

Akapiga.

"Maikrofoni ni nzima. Shida ni nyumba. Umehama?"

"Sijahama."

"Basi vitu vimeenda wapi?"

Wavinya akatazama sakafu. Pale palipokuwa na zulia palikuwa panang'aa kuliko kwingine. Tangu lori liondoke, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

"Vimeolewa," akasema.

Mzee alicheka kidogo. "Ingia kwenye nguo," akasema kwa upole. "Nguo humeza mwangwi."

Wavinya akafunga kamba chumbani, akatundika marinda yake, koti na blanketi, akasimama katikati na kusoma. Alipojisikiliza, ule mkia ulikuwa umekatika. Palikuwa na mwanamke karibu kabisa, kama ameketi hapo kando, asiye na haraka, akiwaambia wasikilizaji, "Karibuni." Akamsikiliza tena mara kadhaa, ingawa hakukuwa na cha kusahihisha.

Sikio lilikuwa limefunguka, na halikufungika tena. Nthoki alipomtumia ujumbe wa sauti kumpongeza kwa ule utangulizi, Wavinya alisikia maneno, na chini ya maneno akasikia chumba: kimejaa, kimetulia, hakina mwangwi hata chembe. Mwanamume aliuliza kitu kutoka mbali. Mlango ukafungwa taratibu.

Akampigia. "Utakuja lini?"

"Krismasi, tukijaliwa. Uko sawa, dada?"

"Niko sawa."

Aliisikia sauti yake ikigonga ukuta na kurudi, akashangaa kwamba Nthoki haisikii.

Kesho yake Kiarie akatuma mahojiano na mama mmoja wa Pumwani anayeshona viatu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati muda wote. "Toa hiyo kelele," aliandika.

Wavinya akaitoa. Mama akabaki akiongea peke yake, mahali ambapo hapakuwa mahali. Akairudisha mvua, akaishusha kiasi cha msikilizaji kujua tu kwamba juu ya yule mama kulikuwa na paa, akatuma hivyo.

Kiarie hakulalamika.