Taya la Sekela

Sekela wa Iyula hakuumbiwa kunyamaza. Sote tulilijua hilo, ila mwaka 1977 tulijifanya tumelisahau.

Mwaka huo alikwenda hospitali ya misheni kung'olewa gego la mwisho. Lilikuwa limezama ndani ya mfupa, na lilipotoka likaacha taya jembamba. Daktari akamwonya asitafune kitu kigumu mwezi mzima. Sekela alivumilia uji wiki mbili tu. Ya tatu, jikoni kwake, alilitia meno hindi la kuchoma, taya likalia ta! Huko hospitali wakayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, asifungue kinywa wiki sita.

Mimi Felista, jirani yake, nilikuwa nimemwona Danford akimpakia mkewe kwenye baiskeli kwenda hospitali, uso umevimba. Nikajua kampiga. Danford alisema ni hindi, lakini nani alishasikia hindi likivunja taya? Sikuuliza zaidi. Nilitembea hadi Nanyala, kwao Sekela, kumwambia kaka yake, Kefa.

Kefa akaja, na mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano katika darasa la kisomo cha watu wazima.

"Shemeji, dada yangu namrudisha nyumbani," alisema Kefa. "Hakuja kwako kuvunjwa mifupa."

Danford aliapa kwa Mungu. Tukaguna, wapiga wake wote huapa. Sekela angeondoka, watoto wake wanne wangebaki kwa baba yao, ndiyo mila yetu. Mdogo alikuwa bado mgongoni.

Sekela akainuka na mtoto wake, akachukua chaki. Herufi alikuwa amezijua mwaka uleule. Akaandika: NI JINO. DANFORD HAKUNIPIGA.

"Kaandikishwa na mumewe huyo!" Kefa akafoka.

Sekela akafuta ubao kwa kiganja. Aliandika taratibu, kwa hasira, chaki ikakatika mara mbili. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Angenipiga ningesikika mpaka kule mbali Kamsamba. Nani hapa aliwahi kuniona nimenyamaza? Siendi popote."

Darasa zima likacheka. Kefa aliinamisha kichwa, kisha akamwomba shemeji yake radhi.

Nikadhani yamekwisha. Sekela akanigeukia, akanikazia macho, akaandika mstari mmoja zaidi. Mwenyekiti hakuusoma, maana niliusoma mwenyewe, na aibu ikanishika: FELISTA, RUDI NANYALA. KAMWAMBIE MAMA YANGU ULIVYODANGANYA.

Kesho yake nilikwenda, kwa miguu.