Kadi ya Mama Mkubwa

Mvua ya masika ilichukua nyumba yetu ya Jangwani nilipokuwa mtoto. Leo nimepita duka la maturubai Kariakoo, na harufu ya turubai jipya ikanisimamisha.

Siku ile Mama alitupeleka kwenye uwanja wa chama cha kusaidiana cha watu wa kusini, Msimbazi. Wanachama pekee ndio walioruhusiwa kulala pale, chini ya maturubai. Mama aliacha langoni kadi ya dada yake, mama yangu mkubwa.

"Ukiulizwa, mwenye kadi ni mimi," aliniambia.

Siku ya tatu, mzee aliyesimamia uwanja alikuja na kadi ile mkononi, akachuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mwenye kadi yuko wapi?"

Mama alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama.

"Tulimzika," nikasema.

Mzee hakugomba. Aliitazama kadi, kisha akamgeukia mama.

"Chama huzika watu wake, binti yangu. Mbona hamkutuambia?"

Wingu lilikuwa limerudi juu ya bonde. Mama akaepua uji ambao haujaiva, akaanza kufungua kamba za turubai letu, tuondoke kabla hatujafukuzwa.