Mtoto Aliyepewa Jina la Seneta

Siku ile kambini Kigoma bado naiona, mwanangu, na laiti ningeisahau. Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Akaja seneta kutoka Marekani, mtu wa makamo mwenye cheko la karibu, akampakata mtoto wetu, wakapigwa picha. Mkalimani akatuambia kuwa seneta anasema sisi sasa ni watu wake. Jioni nikatangaza kwamba mtoto ataitwa Elwini, jina la mgeni yule.

Baba yangu alikuwa akingoja jina lake. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume ni wa babu, hilo halijadiliwi. Hakugomba. Alisema tu: "Jina unamupa mutu mwenye atakuja ku kilio yako. Huyu, siku utakufa, nani atamuambia?"

Nikamwona mshamba. Ujana, mwanangu, una kiburi cha ajabu.

Tangu hapo seneta akawa ndugu yangu, ingawa yeye hakuwa na habari. Kila aliposhinda uchaguzi niliwanunulia majirani soda. Redio iliposema amewatetea wakimbizi bungeni kwao, nililia. Alipofiwa na mke, nilifunga. Tukahamia huku Durban, nikawa nalinda magari kwenye maduka ya Westville, naye seneta bado yuko kwenye kiti kile kile, sasa anashikwa mkono kupanda ngazi. Baba akafia hapa hapa Durban, mtaa wa Albert Park, ghorofani, na hakuna mtoto duniani anayeitwa kwa jina lake.

Kisha Elwini akakubaliwa kwenda Marekani na mke na watoto. Wakauza kitanda, friji, hata viti. Wakiwa wanangoja ndege, Marekani ikawafungia wakimbizi mlango. Wapiga kura wa seneta walikuwa wamewachoka wakimbizi, naye akaogopa kupoteza kiti, akaunyosha mkono wake mzee kupiga kura pamoja na waliotufungia. Tulimtazama kwenye simu, tumekaa sakafuni.

"Papa," Elwini akaniuliza, "huyu si ndiye somo yangu, tunayeitwa jina moja?"

Namchukia yule mzee, nakwambia kweli, halafu nakumbuka kwamba hakuniomba jina. Nililitoa mwenyewe, nikamnyima mtu aliyenibeba mgongoni.

Sasa wewe, mtoto wa rafiki yangu, nasikia mkeo amejifungua huko mtaa wa Sydenham, nawe unataka kumpa mtoto jina la mheshimiwa aliyewashika mikono na kuwagawia fulana. Usifanye hivyo. Mkubwa mpigie makofi ukipenda, kisha urudi nyumbani. Jina mpe baba yako, angali hai, alisikie likiitwa. Yeye ndiye atakayekesha mtoto akipata homa.

Mungu amkuze mwanao, mwanangu. Na kila atakapoitwa jina lake, nyumbani kwenu waitike watu wawili.