Mwiko wa Mpishi

Waliosoma naye akiolojia humwita Mpishi mpaka leo, ingawa sasa ni mwalimu mzima mwenye maabara yake. Huitika bila kinyongo. Juu ya meza yake pana mwiko wa kupikia, mweusi kwa moshi, na akiushika tu, siku zile humrudia zote.

Chuo kilikuwa kimewaagiza waje kwenye uchimbaji na kofia, buti na mwiko. Mama aliposikia mwiko hakuuliza mara mbili. Akatoa wa jikoni kwake, akausugua, akaufunga kwenye kitambaa. "Usiende kuazimaazima vyombo vya watu," akasema. Basi pale shimoni wenzake wakachomoa kila mmoja mwiko wa chuma, ule wa fundi mwashi, naye binti wa watu akachomoa wa mama. Walicheka hadi wakakaa chini.

Mwalimu wao, mzee mkavu asiye na maneno mengi, akamwazima wa chuma. "Haya, Mpishi. Kwaruza udongo taratibu, hufukuzi panya." Akakwaruza, na asubuhi hiyohiyo akapita juu ya alama ya nguzo ya nyumba ya kale, duara jeusi la wazi kabisa, akaiharibu. "Macho unayo, ila huoni," mzee akamwambia. "Na asiyeona hapiti kwangu."

Maneno yale yalimchoma, maana kazi alishaipenda. Alipenda vumbi la chekeche, alipenda maabara na harufu ya vigae vya vyungu vilivyolowa, wakivisugua kwa miswaki huku wakitaniana. Mpaka leo anautamani ujinga wao wa wakati ule.

Siku ya jaribio la mwisho waliambiwa walete kitu kilichotumika, wasome kulika kwake na kueleza kilivyotumiwa. Yeye alikuwa na ule mwiko tu, chini kabisa ya begi.

"Umelika upande mmoja," mzee akasema akiugeuza. "Aliyeutumia anakorogea mkono gani?"

"Wa kulia. Ni wa mama yangu, namjua."

"Mwiko unasema kushoto."

"Basi mwiko umekosea."

Mzee akamrudishia. "Nenda nyumbani ukaangalie. Ukirudi uniambie nani kakosea, ndipo nijue kama unapita."

Akaenda, kifua mbele, akijua kabisa ni nani atakayeumbuka. Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, mahali pake tangu utotoni. Mama akabandika sufuria, akachukua mwiko mpya, akaanza kukoroga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha ubavuni, hata kufunua kifuniko hakuutumia.

"Mama, tangu lini unatumia kushoto?"

"Tangu niteguke bega. Ulikuwa darasa la tano."

Miaka yote hiyo binti alikuwa amekaa pale pale kizingitini, sahani mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia," mama akasema, wala hakuwa na hasira. "Ulikuwa unakula."

Kisha akacheka peke yake. "Yaani nimekupeleka chuo kikuu ndiyo uje unione mimi?"

Binti hakuweza kucheka. Akainuka, akamwondoa mama kwenye moto kwa upole, akaushika mwiko akakoroga yeye.