Kindi Kati ya Marehemu wa Mashine ya Tatu

Wasomaji watukufu, mbele yenu anasimama mtu atakayeitikisa misingi ya biashara duniani. Ila kwanza amalize sufuria ya maharage, maana imeungua chini.

Ni saa mbili asubuhi katika jiko la shule yetu ya bweni, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Normand Ouellette, mwenye miaka hamsini na minne, anakwangua kwa mikono miwili. Mvuke umeziba miwani yake. Kwenye rafu ya sabuni ipo kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Leo haijafunguliwa.

"Profesa, leo hakuna masomo?" anamchokoza Darlene, mpishi mkuu.

"Sufuria kwanza, dada."

Normand alifanya kazi Mashine ya Tatu ya kiwanda cha karatasi, kama baba yake, hadi kilipofungwa. Hapa jikoni analipwa dola kumi na sita kwa saa. Theluji ikianguka, mafuta ya kupasha nyumba joto humeza nusu ya mshahara.

Mwaka jana alisikia kwamba waandishi wa programu za blokucheni, daftari la mtandaoni la kutunzia fedha na kumbukumbu, wanatafutwa kwa tochi. Akaanza na Python, lugha ya kompyuta inayosifiwa kwa kuwahurumia wanaoanza.

"Ilinihurumia kweli," anasema. "Nikikosea, inanionyesha mstari wenye kosa. Mke wangu hununa tu, nijitafutie mwenyewe."

Kisha akaingia Solidity, lugha ya blokucheni yenyewe, ambako neno likishaandikwa halifutiki.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa orodha ya marehemu wa Mashine ya Tatu. "Kiwanda kilibomolewa, hata kibao hakikuachwa," anasema. "Nikaona niwaweke mahali tingatinga halifiki." Jina la kwanza ni la baba yake, Armand. Orodha hiyo akaituma kwa kampuni moja ya Portland iliyotafuta mwanagenzi. Wakamwita.

Lakini alisahau mstari mmoja, ule unaosema kwamba mwenye orodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuongeza majina. Mlango ukabaki wazi. Siku ya usaili, mbele ya waajiri, chini ya marehemu wote palisomeka: "Kindi wa Bwenini, Mkurugenzi wa Njugu."

"Mmoja alicheka," anasema Normand. "Mwenzake akaniuliza nani atanikabidhi fedha za watu." Hawakumpigia simu tena.

Darlene humwambia aandike orodha nyingine.

"Na hii itabaki, dada. Mimi nitakufa, kindi atakuwepo, amekaa na baba."

Na mpango wake? Anafuta miwani kwa aproni. "Kuosha vyombo hadi mgongo ugome. Labda barafu ikiyeyuka nirudie Python, toka somo la kwanza. Labda."

Mwandishi wa makala haya anamshukuru, kisha kwa sauti ya kiungwana anauliza kama mhalifu aliwahi kujulikana.

"Kila anayeandika mle huacha anwani yake," anasema Normand, akivuta sufuria nyingine. "Ni ile uliyonipa Oktoba, kijana, nilipokufundisha kufungua pochi ya mtandaoni, yaani akaunti ya blokucheni. Nilijua kabla hujaketi."

"Sasa mbona umekubali kuongea na mimi, mzee?"

"Nilitaka uyaandike wewe mwenyewe."

Haya, yameandikwa. Kindi ni mimi. Nimejaribu kumfuta, hafutiki.