Matimba ya Mzee Fernando

Siku niliyoripoti kazini Tarime nilivaa shati jeupe na viatu vya ngozi, nikidhani ofisi ya madini ni ofisi kama nyingine. Ofisa Madini wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alinitazama miguuni akaniuliza kama nimewahi kuingia shimoni. Nikasema sijawahi. Akamwita mzee mmoja aliyekuwa nje akinoa shoka.

"Huyu ndiye msaidizi wako," alimwambia. "Naomba uwe unamrudisha akiwa hai."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kwa Mzee Fernando, fundi wa matimba, na kila nilichokula kwa jasho langu tangu siku ile kimetokana na yeye.

Ninyi vijana mmekuta mitambo. Wakati wetu dhahabu ilifuatwa kwa sururu na nyundo. Habari zilipoenea kwamba imepatikana, watu walimiminika kutoka Geita, kutoka Shinyanga, hata kutoka Kenya kupitia Sirari. Kule Itiryo, wilayani humohumo, mashamba yalibaki mikononi mwa akina mama. Shimo la mchimbaji tuliliita duara, japo mengi hayakuwa ya mviringo hata kidogo. Mchimbaji alifuata mkanda, yaani ule mstari wa mwamba wenye dhahabu, popote ulipoelekea, na mara nyingi alisahau udongo uliokuwa juu ya kichwa chake.

Sisi kazi yetu ilikuwa kutousahau. Matimba ni magogo yanayoshikilia shimo lisianguke: mawili yanasimama kama miimo ya mlango, la tatu linalala juu yake, na nyuma yanapangwa mabanzi ya kuzuia kifusi. Mzee Fernando hakupenda mti mgumu kupita kiasi. Alisema mti wa namna hiyo hukatika ghafla, wakati mti laini kidogo hulia kwanza, na kilio hicho ndicho kinachompa mtu muda wa kutoka. Alinifundisha kuweka kiganja kwenye gogo, kufumba macho na kusikiliza.

Alitoka Msumbiji, upande wa kusini kabisa. Mimi shuleni niliwasoma Wareno kama watu waliokwisha pita. Walikuja na merikebu wakitafuta njia ya kwenda India, wakaipigania dhahabu ya Sofala, wakajenga ngome Mombasa, wakafukuzwa na Waarabu wa Omani, mwalimu akafuta ubao. Nilipomweleza hayo tukiwa tumekaa tunakula ugali, Mzee Fernando alitafuna taratibu, kisha akaniambia kwamba kwao hawakufukuzwa. Walibaki, na babu yake na baba yake wote walizaliwa na kufa chini yao.

Akanisimulia habari za shibalo, kazi ya lazima. Mwanamume ambaye hakuweza kuonyesha kwamba amelipa kodi alikamatwa akapelekwa kulima barabara au mashamba ya pamba. Njia ya kuikwepa ilikuwa kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, kwa kuwa serikali ya Kireno ilikuwa na mapatano na wenye migodi ya kuwapatia watu, nayo ikapata chake. Kwa hiyo alikimbia shamba la Mreno akajikuta chini ya ardhi, na hata huko alikuwa amepelekwa na Mreno yuleyule. Huko ndiko alikojifunza matimba. Baadaye alitoroka, akafika Tanzania kujiunga na wapigania uhuru, akaumia bega vitani, na alipopona akatafuta kazi aliyoijua. Nchi yake ilipata uhuru akiwa huku kwetu, lakini vita vingine vikaanza, barabara ya kwao ikafungwa.

Alinisimulia yote hayo bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza chakula.

Msimu mmoja wa masika tulipita kukagua duara la mtu aitwaye Marwa. Alikuwa kijana mwenye nguvu, aliyeuza ng'ombe wake wote kuanzisha shimo lile, na wiki hiyo alikuwa ameufikia mkanda. Tulishuka. Mzee Fernando aliweka kiganja kwenye gogo la kwanza, kisha la pili, akasimama. Hata mimi nililisikia likilia, sauti nyembamba kama ya bawaba ya mlango. Akawaambia wachimbaji watoke wote.

Hakuna aliyesogea. Marwa alisema mkanda uko mbele yao, na kwamba wataongeza magogo kesho. Mzee Fernando hakumtajia sheria wala ofisi.

"Mura," alimwambia, kwa lile neno Wakurya wanaloitana wanaume, "mimi niliingia shimoni kwa sababu ya Mreno, na juu alikuwepo mtu mwenye kiboko. Nisingeweza kutoka hata paa likilia. Wewe hakuna aliyekulazimisha. Toka."

Wenzake walianza kushusha sururu mmoja mmoja, wakapanda, nasi tukapanda nao. Marwa aliwaacha watangulie wote, akafuata wa mwisho, na hapo ndipo paa lilipokatika. Vumbi lilipotulia tulimsikia akiguna nyuma ya kifusi.

Watu waliokuwa juu walitaka kurukia kifusi kwa majembe. Mzee Fernando aliwazuia. Alieleza kwamba ukitoa udongo chini bila kushika wa juu, unamwongezea aliyefukiwa. Tukashuka mimi na yeye peke yetu. Yeye aliingiza mabanzi juu ya kifusi, mimi nikasimamisha gogo chini yake, ndipo tukatoa udongo kidogo, halafu banzi jingine. Yeye alizungumza na Marwa muda wote, akimuuliza habari za watoto wake na jina la kila mmoja, ili asilale. Tulipomtoa, mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini alikuwa anapumua, na aliendelea kuyataja majina ya watoto hata tulipokuwa tunamfunga kamba ya kumpandisha.

Ofisa Madini alipopata habari aliagiza kwamba kuanzia hapo hakuna duara litakaloruhusiwa kuendelea bila Mzee Fernando kuyaona matimba yake. Namshukuru bosi yule. Wengine wangesema ni mgeni tu.

Vita vya Msumbiji vilipokwisha, Mzee Fernando aliomba kwenda kwao. Marwa alikuja kumuaga akitembea kwa fimbo, na mkewe na watoto wote. Alimwita "tata," baba, mbele ya watu. Mzee aliniachia shoka lake akasema tu kwamba nisiliazime ovyo. Baada ya miezi alituletea salamu kupitia dereva wa lori: amemkuta dada yake yu hai, na amelima.

Mimi nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, nikakaa mjini Mugumu hadi nilipostaafu chini ya Mkaguzi wa Kanda, mama mkali lakini wa haki. Nilifundisha mafundi wengi. Nimewaza sana uzeeni juu ya jambo hili: Wareno walimfundisha mtu yule kwa shuruti, kwa faida yao, na yeye akatupa sisi elimu hiyohiyo kwa hiari, akitufundisha kwa upole. Sijui alivyoweza. Mimi nimejaribu kumuiga.

Mwaka jana nilialikwa kutembelea machimbo huko Tarime. Nikiwa nakaribia mdomo wa duara moja, binti aliyekuwa msimamizi alinifuata akanisalimu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, utangoja kidogo. Hapa hashuki mtu kabla fundi hajayasikiliza matimba."

Nikaitikia marahaba, nikavua kofia, nikangoja.