Mama Usafi na Gayogayo Aliyesusa Kula

Saa mbili asubuhi, Mama Usafi ameinama juu ya tangi la nne katika kituo cha utafiti wa samaki, kijiti mkononi, uduvi mmoja umechomekwa kwenye ncha. Ndani ya maji haonekani samaki. Kuna mchanga tu wa rangi ya kahawia, na macho mawili madogo yaliyochomoza.

"Yumo," ananong'ona. "Leo siku ya kumi hajatia kitu mdomoni. Akifa huyu, nitamtazama nani usoni?"

Huyo ni gayogayo, bapa kama kandambili. Huanza maisha akiwa na jicho kila upande kama samaki wengine. Akikua kidogo, jicho moja huhamia kwa mwenzake, naye hulalia ubavu chini ya bahari mpaka kufa kwake. Hujifukia mchangani, akabadili rangi na kungoja chakula kijipitishe.

Mama Usafi, mwenye miaka hamsini na miwili, anaosha matangi hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Zamani alikuwa akisafisha nyumba za watu, na mkono haujasahau. Mchanga mpya ulipoletwa, aliuchekecha, akamwaga ule laini wote akidhani ni uchafu. Zikabaki chembe kubwa, nyeupe pe.

"Nikajisifu kweli," anasema akicheka. "Kumbe nimemvuta mtu shuka yumo usingizini."

Gayogayo hakuweza kujifukia. Alijibanza chini ya bomba, akapauka, akasusa kula. Daktari wa samaki alipima chumvi na joto la maji, asione kasoro. Mama Usafi ndiye aliyeng'amua, akaona haya siku mbili nzima kabla ya kukiri.

"Nilimwambia daktari, mwanangu, usihangaike na maji. Kosa ni langu."

Juzi wakamrudishia mchanga laini, pamoja na tope lake.

Uduvi unashuka. Jicho moja linageuka, kisha la pili. Mchanga unafumuka, kijiti kinatikisika, na uduvi haupo tena.

Mama Usafi anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anajifuta machozi kwa mkono wa koti. Ana furaha, wala haifichi.

"Mama, usimwoshee mchanga tena," daktari anamtania kutoka mlangoni.

"Sithubutu."

Mwezi ujao kituo kitafuata mchanga mwingine baharini, naye ameomba akauchague mwenyewe, huko huko chini. Ameshaanza kujifunza kuogelea. Mumewe anamcheka, eti atazama hata kwenye karai.

"Acha acheke," anasema. "Miaka yote hii nawalea, kwao sijawahi kufika. Niende kwanza nikaone wanavyoishi, ndipo nishike ufagio."